"Inawaka" siyo sifa: jua kwa nini fyuzi iliungua kabla hujauza

Leo sijaleta mbinu ya kupata wafuasi wala saa nzuri ya kuposti. Leo naomba tuongee kuhusu jambo ambalo wengi tunaouza redio, amplifaya, sabufa na vifaa vingine vya umeme vya mtumba tunalikwepa. Najua kuna watakaokasirika. Someni kwanza mpaka mwisho, halafu tupambane kwenye maoni.

Msimamo wangu ni huu: kama fyuzi ya kifaa iliungua na hujui kwa nini iliungua, hicho kifaa hakijawa tayari kuuzwa. Hata kama kinawaka. Hata kama video yako imetoka vizuri na taa zote zinameta. Neno "inawaka" siyo sifa ya kuuzia.

Siongei kama fundi. Mimi nimeishia kidato cha nne, na masomo ya umeme sikuyapata darasani. Nina fremu ndogo Mbagala, na mauzo yangu mengi yako WhatsApp na Instagram. Ninayoyajua nimeyapata kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, kwa video za mtandaoni, na kwa makosa yangu mwenyewe. Naanza na kosa lililoniuma kuliko yote.

Mwaka wangu wa kwanza wa biashara nilinunua amplifaya moja ya zamani, kubwa, nzito, ile ya transfoma ya chuma ambayo ukiibeba mgongo unajua. Sauti yake ilikuwa tamu. Shida ilikuwa moja: baada ya kama nusu saa inazima. Ukifungua nyuma unakuta fyuzi imeungua. Nikanunua fyuzi nyingine, ikaungua. Nikanunua ya tatu, ikaungua.

Nikamwita kijana mmoja anayejiita fundi. Alikaa dakika tano tu. Akachukua ile fyuzi iliyoungua, akaizungushia uzi mmoja wa waya wa shaba, akairudisha, akawasha. Ikapiga. Nikamuuliza, "Kaka, hii ni salama kweli?" Akasema, "Dada, fyuzi za siku hizi ni feki, ndiyo maana zinaungua. Hii haitakusumbua tena." Nikampa elfu tano yake. Nikarekodi video ya dakika moja, nikaandika "INAWAKA, SAUTI KALI, HAINA SHIDA YOYOTE", nikaiposti kwa 180,000.

Jioni hiyohiyo akanicheki mama mmoja wa Dodoma mwenye mgahawa. Hakupunguza hata mia. Nikapaki, nikatuma kwa basi, akapokea, akanishukuru. Kwangu biashara ikawa imeisha.

Siku ya tisa, saa nne usiku, akanitumia picha mbili. Ya kwanza ni meza yenye kitambaa kilichoungua, na juu yake amplifaya imetoa alama nyeusi kwenye matundu ya mfuniko. Ya pili ni fyuzi yangu ikiwa kwenye kiganja chake, na ule waya wa shaba unaonekana wazi. Chini yake akaandika: "Mwanangu, huu waya uliuweka wewe?"

Chumba hicho, pembeni ya mgahawa, ndimo mjukuu wake hulala. Usiku ule mtoto hakuwa amelala bado. Moshi ulipoanza wakawahi kuchomoa plagi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Nilikaa zaidi ya saa nzima sijui nijibu nini. Ningeweza kusema ni fundi, kwa sababu ni kweli ni fundi. Lakini fundi hakuandika "haina shida yoyote". Niliandika mimi. Mwisho nikamwandikia: "Shikamoo mama. Aliuweka fundi, lakini mimi nilijua na nikakuuzia. Nisamehe. Hela yako narudisha yote kesho, na kitambaa na meza nitalipa." Nikalipa kwa awamu tatu, maana hela yenyewe nilikuwa nimeshanunulia mzigo mwingine.

Amplifaya niliomba anirudishie kwa gharama yangu. Nikampelekea yule mzee. Akaifungua, akapima, akaniambia: "Binti, upande mmoja wa transista za kutolea sauti unavuta umeme mwingi kupita kiasi hata sauti ikiwa sifuri. Transfoma ilikuwa inabeba mzigo usio wake. Fyuzi ilikuwa inawaambia kila siku. Nyie mkaiziba mdomo."

Hilo ndilo somo. Fyuzi siyo ugonjwa. Fyuzi ni mtu anayekuja kukuambia kuna mgonjwa ndani. Ukimfukuza, mgonjwa hajapona.

Najua kuna atakayesema, "Mbona kwenye plagi kuna fyuzi nyingine, hiyo si ingekata?" Hapana. Zile plagi zetu za miguu mitatu ya bapa mara nyingi zina fyuzi ya ampea 13 ndani. Ile kazi yake ni kulinda waya wa umeme unaotoka ukutani. Amplifaya iliyotengenezwa na fyuzi ya ampea 2 ikianza kuvuta ampea 4, fyuzi ya 13 haina habari kabisa. Inaangalia tu huku transfoma ikipika.

Sasa nieleze ninachofanya siku hizi kabla sijapiga hata picha moja. Tahadhari kwanza: mambo ya kusoma, kunusa, na kupima kifaa kikiwa kimechomolewa, muuzaji yeyote anaweza. Mambo ya kugusa ndani, mwachie fundi anayejua. Kapasita kubwa za ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Na kuna vitu viwili mimi sifungui kabisa: televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa, na maikrowevu. Ndani yake kuna umeme wa maelfu ya volti. Usijaribu kwa sababu umeona video.

1. SOMA KIBANDIKO CHA NYUMA KABLA YA KUCHOMEKA

Hapa ndipo mitaji mingi inapofia. Umeme wetu Tanzania ni volti 230, hezi 50. Japani ni volti 100. Marekani ni volti 120, hezi 60. Mzigo wa mtumba unatoka huko kote. Kifaa cha Japani chenye transfoma ya chuma ukikichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu, bahati nzuri fyuzi inakufa papo hapo, bahati mbaya transfoma inaungua na umeshapoteza kifaa.

Kibandiko kikisema 100-240V, hicho hakina tatizo, kinajirekebisha chenyewe. Kikisema 100V au 120V peke yake, kinahitaji transfoma ya kushusha umeme. Hiyo ni gharama, na mteja lazima aijue kabla hajalipa, siyo baada ya kupokea mzigo. Na ile transfoma ya kushusha iwe na uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa kwenye kifaa, siyo ilingane nazo kabisa.

Vifaa vingine vina swichi ndogo nyuma au chini yenye maandishi 115 na 230. Angalia imekaa wapi. Nimeshakuta redio nzima kabisa inauzwa kama mbovu kwa sababu tu swichi ilikuwa 115, fyuzi ikawa inaungua kila ikichomekwa. Niliinunua kwa 15,000, nikaisogeza swichi kwenye 230, nikaweka fyuzi yenye namba iliyoandikwa kwa ajili ya 230, ikapiga mpaka leo.

Jambo jingine dogo: hezi. Transfoma ya kushusha inabadilisha volti, haibadilishi hezi. Mashine ya santuri ya Marekani ambayo mota yake inafuata hezi za umeme, ukiileta kwenye hezi 50 itazunguka taratibu kuliko inavyotakiwa, na nyimbo zitasikika nzito kama mwimbaji ana usingizi. Hiyo siyo mbovu, ila mweleze mteja.

2. TUMIA MACHO NA PUA

Angalia waya wa umeme wote, kuanzia kwenye plagi hadi unapoingia kwenye kifaa. Umepinda mpaka shaba inaonekana? Umeungwa kwa selotepu? Plagi ina miguu iliyobadilika rangi? Nusa matundu ya nyuma. Harufu ya kuungua haidanganyi. Fundi akifungua mfuniko, aangalie kapasita zilizovimba kichwa au kuvuja, mahali palipoungua kwenye bodi, na uchafu wa mende na panya. Mende wanapenda sana joto la transfoma, na mkojo wa panya unakula bodi.

3. CHOMOA FYUZI, ISOME

Kifaa kiwe kimechomolewa. Toa fyuzi, iangalie kwenye mwanga. Kama kioo ni kisafi na uzi umekatika tu katikati, mara nyingi ni mzigo uliozidi kidogo au fyuzi imechoka. Kama kioo kimekuwa cheusi au kimepata rangi kama kioo cha kujitazamia, hiyo ilikufa kwa shoti kubwa. Hapo usiweke nyingine na kuwasha kujaribu bahati, ita fundi.

Usiamini macho peke yake, ipime kwa mita. Kuna fyuzi inaonekana nzima kumbe imekatika kwenye kofia yake ya chuma.

Soma maandishi kwenye ile kofia. Mfano T2A 250V maana yake inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha, ampea 2, volti 250. Ikianza na F, hiyo inakata haraka. Weka inayolingana na iliyoandikwa kwenye kifaa, herufi na namba. Usiweke kubwa zaidi kwa sababu dukani wamesema hiyo tu ndiyo iliyopo. Na waya, karatasi ya sigara, msumari, sindano: HAPANA. Ukikuta kifaa cha mzigo kina waya kwenye fyuzi, jua kuna mtu kabla yako alishindwa kutafuta tatizo. Usiwe wa pili.

4. PIMA KWENYE PLAGI, BILA UMEME

Kwa redio na amplifaya zenye transfoma ya chuma, weka mita kwenye omu, gusisha miguu miwili ya umeme ya plagi huku swichi ya kuwashia ikiwa imebonyezwa. Unatakiwa upate namba fulani. Transfoma kubwa inaweza kutoa omu chache tu, ndogo ikatoa makumi au zaidi. Ukipata hakuna kitu kabisa, njia imekatika mahali: ama waya, ama fyuzi, ama swichi, ama transfoma yenyewe. Transfoma nyingine zina fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya uzi wake, hiyo nayo hukatika. Zile zinazowashwa kwa kitufe laini au rimoti zinaweza zisionyeshe kitu kwa kipimo hiki, kwa hiyo usihukumu haraka.

Halafu pima kati ya kila mguu wa umeme na bati la kifaa. Hapo usipate mguso wowote. Ukipata, huyo ndiye anayempiga mteja shoti anapogusa bati. Weka pembeni, usiuze.

5. TAA YA SIRIZI

Hii yule mzee ndiye alinifundisha, na mafundi wengi wa redio wanayo. Ni balbu ya zamani ya uzi, wati 60 au 100, siyo balbu za LED, imefungwa kwenye njia ya umeme kiasi kwamba umeme unapita kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye kifaa. Mwambie fundi akutengenezee kwenye boksi lililofungwa vizuri, usifunge mwenyewe kwa nyaya zinazoning'inia.

Unachomeka amplifaya kwenye hiyo taa, sauti ikiwa sifuri, spika zikiwa zimetolewa. Balbu ikiwaka kidogo halafu ikafifia, ni dalili nzuri. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti au kuna kitu kinavuta umeme mwingi. Uzuri wake ni kwamba balbu inabeba lile balaa, hupotezi fyuzi wala transfoma. Ile amplifaya ya mama wa Dodoma ilipowekwa kwenye taa hii, balbu ilififia kwanza, halafu ikaanza kupanda mwanga taratibu kadri ilivyopata joto. Dakika kumi tu zingeniokoa.

Angalizo: vifaa vyenye saplai za kisasa vinaweza kuwaka na kuzima kwenye taa hii hata kama ni vizima. Usihukumu kwa taa peke yake.

6. TATIZO LIKO TAWI GANI?

Hapa ni kazi ya fundi, lakini ni vizuri ujue anafanya nini ili asikupige. Mimi njia hii niliielewa zaidi kwa kuangalia video za Wamarekani wanaofufua mashine za zamani za pinball. Kwa asiyezijua, ni yale masanduku ya mchezo yenye miguu minne na kioo juu, mpira wa chuma unakimbia ndani ukigonga vitu na taa zinawaka. Nyingi zilitengenezwa Chicago na kampuni kama Gottlieb, Bally na Williams. Sijawahi kuigusa hata moja. Lakini ndani ya umeme wake hakuna muujiza: umeme wa ukutani, swichi, fyuzi, transfoma, dayodi za kunyoosha umeme, kapasita za kuutuliza, halafu matawi. Ni ndugu wa amplifaya yangu.

Tofauti ni kwamba zile mashine zina fyuzi nyingi, kila tawi na yake: taa na yake, koili za kurusha mpira na yake, bodi na yake. Kwa hiyo fundi akikuta fyuzi ya koili imeungua, anajua tayari aangalie wapi, labda koili moja imeng'ang'ania kuwaka. Wanachokirudia kila mara ni hiki: usiweke fyuzi kubwa, tenganisha tawi kwanza. Unachomoa tawi, unajaribu. Fyuzi ikipona, tatizo liko kwenye hilo tawi. Ikiungua, rudi nyuma kuelekea kwenye transfoma. Na ukifika karibu kabisa na transfoma, mshukiwa wa kwanza ni daraja la dayodi, yaani zile dayodi nne zinazogeuza umeme. Zikipiga shoti, fyuzi inakufa hapohapo ukiwasha.

Jambo jingine wanalolikagua ni pale nyaya zinapochomekwa kwenye bodi. Baada ya miaka mingi mguso unalegea, unapata joto, plastiki inageuka kahawia. Unaweza kubadilisha kila kitu na kumbe tatizo ni pini moja iliyoungua. Hata kwenye sabufa zetu nimelikuta hili mara nyingi.

Kwa hiyo fundi wako akikwambia "tubadilishe transfoma" bila kutenganisha kitu chochote, muulize kwa heshima, "Fundi, umejuaje ni transfoma?" Anayejua atakuonyesha kwenye mita. Asiyejua atakasirika.

7. IACHE IFANYE KAZI, NA PIMA UMEME WAKO PIA

Dakika moja ya video siyo jaribio. Mimi siku hizi naacha kifaa kipige saa 3, nikiwa nipo hapohapo, siyo nimefunga duka nimeondoka. Nagusa mfuniko kwa nje kila nusu saa. Vuguvugu ni kawaida. Joto la kushindwa kuweka mkono si kawaida.

Sikiliza pia mvumo. Sauti ikiwa chini kabisa na bado spika zinavuma "mmmmm" mfululizo, mara nyingi kapasita za kutuliza umeme zimechoka. Na kabla hujasema kifaa ni kibovu, pima soketi yako. Kuna mitaa jioni umeme unashuka mpaka redio inajizima yenyewe. Kifaa kizima kwenye umeme mdogo kitaonekana mgonjwa.

Sasa tuje kwenye hoja mnazonipa kila nikiongea haya.

Hoja ya kwanza: "Mimi siyo fundi, nauza kama kilivyo." Sawa. Basi andika hivyo. Andika "fyuzi inaungua, sijui sababu, nauza kwa ajili ya spea". Nani amekukataza? Amplifaya mbovu ina transfoma, ina boksi, mafundi wananunua. Mimi nina wateja wawili wa kudumu ambao kazi yao ni kununua vibovu vyangu. Tatizo siyo kuuza kibovu. Tatizo ni kuuza kibovu chenye jina la kizima.

Hoja ya pili: "Mteja mwenyewe anataka bei ndogo, akitaka uhakika akanunue kipya." Mimi nafikiri tofauti. Mteja wa bei ndogo ndiye asiye na hela ya kununua mara mbili. Yule mama alikusanya 180,000 kwa kuuza chapati na maharage. Mwenye hela nyingi akipigwa ananunua nyingine. Huyu akipigwa, mgahawa unakaa kimya miezi sita.

Hoja ya tatu, na hii ina ukweli: "Kupima kunakula faida." Tuhesabu. Mita yangu nilinunua 20,000. Taa ya sirizi fundi alinitengenezea kwa 15,000. Jumla 35,000, mara moja tu. Fundi akiangalia kifaa namlipa 10,000. Sasa ile amplifaya moja ilinigharimu 180,000 ya kurudisha, 40,000 ya meza na kitambaa, na nauli za mzigo kwenda na kurudi 24,000. Jumla 244,000. Hela hiyo ingenilipia vifaa vyote na kazi ya fundi mara ishirini, na chenji ingebaki. Na hapo sijahesabu zile usiku nilizokuwa naamka kuangalia simu.

Kweli, kuna vifaa vya bei ndogo sana ambavyo kulipa fundi 10,000 hakuna maana. Redio ya kuuza 20,000 huwezi kuipeleka hospitali. Kwa hivyo mimi nafanya hatua ya 1 mpaka ya 4 mwenyewe, bure. Kikifaulu nakiacha kipige saa 3. Kikifeli kinaenda kwenye kona ya spea. Hakuna kesi.

Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Tangu nianze kuandika ukweli wa umeme kwenye posti, maswali ya "iko poa?" yamepungua, na wanaorudisha mzigo wamepungua. Posti zangu siku hizi zinakaa hivi, chukueni kama mnaitaka:

"Amplifaya ya mtumba, imetoka Japani. Volti 100, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, ninayo ya 45,000 ukitaka. Fyuzi ni ile ile ya kiwandani. Imepimwa kwenye taa ya sirizi na imepiga saa 3 bila kuzima. Kasoro: kitufe cha besi kinakwaruza kidogo, mfuniko una mikwaruzo. Ikifika ikaungua fyuzi ndani ya siku 7, USIWEKE nyingine, nipigie kwanza."

Ule mstari wa mwisho ndio muhimu kuliko yote. Mteja akijua kwamba fyuzi ikiungua anakupigia, hatamwita kijana mwenye waya wa shaba. Unamlinda yeye, na unajilinda wewe.

Mimi silaumu wafanyabiashara wenzangu, kwa sababu nilikuwa hukohuko. Kodi ya fremu inadai, mzigo umekaa, mteja yuko tayari, na kifaa kinawaka. Kishawishi ni kikubwa. Lakini kifaa cha umeme siyo gauni. Gauni likiwa na kasoro mteja anakasirika. Kifaa cha umeme kikiwa na kasoro kinalala na watoto chumba kimoja, usiku, wewe ukiwa umeshasahau jina la aliyenunua.

Ile fyuzi yenye waya mama alinirudishia pamoja na amplifaya. Niliibandika kwa selotepu ubavuni mwa droo ya hela. Kila nikifungua kuweka hela naiona. Yule mama bado ni mteja wangu, mwaka jana alinunua redio ndogo. Kabla ya kulipa aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, fyuzi umeangalia?" Nikamwambia, "Nimeangalia mama." Safari hii ilikuwa kweli.

Wewe unayeuza vifaa vya umeme, kuna kifaa gani dukani kwako sasa hivi ambacho fyuzi yake iliungua na hukujua sababu? Kiweke pembeni leo, kabla hujakiposti. Kama una swali au una njia nzuri kuliko yangu, andika hapa chini tujifunze wote. Na kama una rafiki anayeuza mtumba wa umeme, mtumie hii.